Safu ya Gereji: Sensa mpya, heda ya zamani

Tuanze na taa. Ile ya rangi ya chungwa yenye picha ya injini, ambayo katika nyumba zetu nyingi huwaka mwaka mzima mpaka watu wakaizoea kama saa ya ukutani. Gari linakwenda kazini, linarudi, na taa ipo tu. Lakini hapa Pittsburgh taa hiyo ina siku yake ya hukumu, nayo ni mwezi ulioandikwa kwenye stika ya kioo cha mbele. Kaunti ya Allegheny ni miongoni mwa kaunti za Pennsylvania ambako magari hupimwa moshi kila mwaka, na gari la 1996 na kuendelea halipimwi kwa kunusa bomba. Mkaguzi anachomeka mashine yake chini ya usukani na kuiuliza kompyuta ya gari. Kompyuta ikijibu kwamba taa inawaka, umefeli, hata kama injini inaimba.

Gari la toleo hili ni Jeep Cherokee ya 1999, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 4.0. Ni la mama wa mwenzetu mmoja wa klabu. Mama anafanya kazi katika nyumba ya wazee ng'ambo ya mto, zamu inaanza saa tano usiku, na hakuna basi la kumfikisha kule wakati huo. Stika ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi wa tatu. Gereji moja ilikuwa imekwisha kumbadilishia sensa ya oksijeni mara mbili katika miezi minane. Kila mara taa ilizimika, kila mara ikarudi kabla ya wiki tatu. Mara ya tatu wakamwambia sasa anahitaji sensa zote mbili pamoja na masega, jumla dola 1,350. Hapo ndipo alipomgeukia mwanawe: "Hiyo klabu yenu ya Kiswahili, watu wote hao, hamna hata fundi mmoja?"

Fundi kamili hatuna. Tunao wawili wanaosoma uhandisi, mmoja wa uuguzi aliyekulia kwenye gereji ya mjomba wake, na mmoja wa isimu ambaye kazi yake ni kushika tochi na kuandika maneno. Na tunaye mzee wetu, fundi mstaafu aliyeshika spana Tanga kwa miaka mingi kabla ya kuja huku kwa watoto wake, anayepokea simu zetu za video akiwa amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani.

Kabla ya kushika spana tulishikana kwa maneno, kama kawaida yetu. Wa Bukavu wanasema motere, sisi wengine injini. Bomba la moshi wengi tunaliita ekzosi. Masega sote tumeyapata kwa mzee, na ni neno zuri kuliko jina lake la vitabuni: ni lile kopo lililo chini ya gari, ndani yake mna vitundu vidogo vidogo kama masega ya nyuki, moshi unapita humo na kusafishwa. Ugumu ulikuwa kwenye manifoldi ya ekzosi, ile sehemu yenye vidole inayopokea moshi kutoka kila silinda na kuukusanya shingoni uwe bomba moja. Ukiitoa ya kiwandani ukafunga nyingine ya mabomba membamba yaliyopindwa vizuri, wanaopenda magari wanaiita heda. Tutaandika heda. Wa isimu ameahidi kutafuta neno bora. Tunamngoja.

Jeep hii ina heda, na sababu yake si mbwembwe. Manifoldi za kiwandani za injini hii, za miaka ya tisini, zinajulikana kwa kupasuka karibu na shingo, pale mabomba yanapokutana. Chuma kinapata moto, kinapoa, kinavutwa huku na huku, mwisho kinaachia. Mauntingi za injini zikichoka, injini inacheza zaidi na mpasuko unakuja mapema. Mwenye gari wa kwanza alipopasukiwa, akaweka heda ya chuma kisichoshika kutu. Mama alilinunua likiwa hivyo.

Sasa sensa yenyewe. Ni kidude kinachokaribia ukubwa wa plagi, kimefungwa kwenye bomba, pua yake ikiwa ndani ya moshi. Ndani mna kauri ya zirkonia. Upande mmoja wa kauri unagusa moshi, upande wa pili unagusa hewa ya nje, na tofauti ya oksijeni baina ya pande hizo inazaa umeme kidogo. Petroli ikizidi, moshi unabaki karibu hauna oksijeni, na sensa inatoa kama volti 0.9. Petroli ikipungua, oksijeni inabaki, na volti inashuka kuelekea 0.1. Kompyuta inasoma volti hizo bila kuchoka na kuongeza au kupunguza petroli ili ikae karibu na kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kauri haifanyi kazi ikiwa baridi, inahitaji kupita nyuzi 300 hivi za Selsiasi, ndiyo maana sensa za siku hizi zina hita ndani. Teknolojia hii ina umri kuliko wazazi wa baadhi yetu: Volvo iliziingiza kwenye magari yake ya soko la Marekani kuanzia 1976, sensa zikiwa za Bosch.

Jeep hii ina sensa mbili. Ya kwanza iko kwenye bomba linaloshuka kutoka manifoldi, chini kidogo ya jointi, na hiyo ndiyo inayoamua petroli. Ya pili iko baada ya masega, na kazi yake kubwa ni kuyasimamia masega. Ukisikia "badilisha sensa," swali la kwanza ni ipi.

La pili ni hili, na gereji ile haikuliuliza: sensa inajua nini? Haiijui injini. Inajua moshi unaopita puani pake tu. Moshi nao hautoki kama maji ya mferejini, unatoka kwa mapigo, silinda moja baada ya nyingine. Baada ya kila pigo msukumo ndani ya bomba hushuka kidogo, wakati mwingine chini ya ule wa hewa ya nje. Kama pana tundu kabla ya sensa, bomba linavuta hewa ndani kupitia tundu hilo. Sensa inakuta oksijeni, inaripoti kwamba petroli ni chache, na kompyuta, ikiwa mtiifu, inaongeza petroli. Injini ilikuwa sawa, sasa inanyweshwa kupita kiasi. Unaweza kufunga sensa mpya kila wiki. Kila moja itatoa ripoti ileile, na kila moja itakuwa inasema kweli.

Tulichomeka kisomeo cha dola 25 kinachozungumza na simu. Namba za hitilafu zilikuwa mbili. P0171, maana yake kompyuta inaona petroli chache na imechoka kuongeza. Na P0135, hita ya sensa ya kwanza haifanyi kazi. P0420, ile inayolalamikia masega, haikuwepo. Tulitazama mara tatu. Kwa hiyo masega ya mamia ya dola yalitakiwa kubadilishwa kwa ushahidi gani, sisi hatukuuona.

Kisha tukatazama marekebisho ya muda mrefu, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Gari likiwa limesimama linanguruma: ongezo la asilimia 19. Barabara kuu, mwendo wa maili 55: asilimia 7. Tofauti hiyo ni dalili ya hewa ya wizi. Gari likiwa limesimama, moshi ni mdogo, kwa hiyo hewa kidogo inayopenya inaonekana kubwa. Ukikanyaga mafuta, moshi unakuwa mwingi na wizi unapotea humo. Lakini tahadhari: tundu upande wa kuingizia hewa, kwenye manifoldi ya juu, linaleta sura hiyohiyo. Na kwenye injini hii manifoldi zote mbili ziko upande mmoja, zinatumia gasketi moja na baadhi ya bolti zilezile. Tukampigia mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Gari linasemaje?"

"Asubuhi linagonga, tik tik tik. Likipata moto linanyamaza."

"Na mafuta?"

"Linakula sana. Na moshi unanuka petroli."

"Basi iacheni sensa kwanza. Chuma kikiwa cha baridi kimeachana, kikipata moto kinavimba kinajiziba. Huo mlio si wa vavu, huo ni moshi unatoka. Na panapotoka moshi, hewa inaingia. Mtafuteni huyo mwizi."

Mama alikuwa amekwisha kuambiwa na mtu mwingine kwamba mlio ule ni vavu na injini inaelekea kaburini. Alipomsikia mzee aliketi kwenye ndoo ya mafuta, akauliza kama ni kweli. Mzee akamwambia, "Dada yangu, injini hii itakuzika wewe na mimi." Si faraja ya kawaida lakini ilifanya kazi.

Namna ya kumtafuta mwizi haikutugharimu kitu. Injini ikiwa baridi kabisa, chukua mashine ya kufyonza vumbi ambayo mpira wake unaweza kuchomekwa upande wa kutolea upepo. Elekeza mpira huo kwenye mdomo wa ekzosi, ziba kingo kwa kitambaa, washa. Sasa bomba zima limejaa upepo. Nyunyiza maji ya sabuni ya vyombo kwenye heda, jointi na mashina ya sensa, halafu angalia. Kwetu povu lilitoka mahali pawili. Moja, kwenye jointi ya shingo ya heda na bomba linaloshuka, mapovu madogo kama ya soda. Pili, nyuma kabisa, silinda ya sita, povu kubwa la kupumua. Bolti ya hapo ilizunguka kwa vidole. Mahali pote pawili ni kabla ya sensa.

Na tochi ya wa isimu ikapata la tatu. Waya wa sensa ulikuwa umelala juu ya heda. Klipu ya kuushikilia mbali haikuwepo, na plastiki ilikuwa imeyeyuka mpaka nyaya mbili za hita zikaonekana shaba, mmoja umekatika. Hiyo ndiyo P0135. Sensa ile ilikuwa na miezi michache tu. Heda hupita pengine kidogo kuliko manifoldi ya kiwandani, na mabomba yake membamba yanatoa joto jingi kwa jirani zake. Waya uliokuwa salama miaka yote unaweza kujikuta motoni bila mtu kuuhamisha. Anayefunga sensa kwenye gari lenye heda aangalie njia ya waya kabla hajaangalia kitu kingine chochote.

Kuziba hewa kulichukua Jumamosi nzima na hakuna hadithi kubwa. Betri ikafunguliwa, msukumo wa petroli ukatolewa, bolti zikalegezwa, manifoldi ya juu ikasogezwa, gasketi ya zamani ikatoka vipande, pale silinda ya sita imeungua nyeusi. Gasketi mpya, bolti zikakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, si kwa mkupuo. Bolti za chini nyuma zinafikiwa na mtu mwenye mkono mwembamba na moyo wa subira, na tunaye mmoja tu, yule wa uuguzi. Jointi ya shingo tuliipiga msasa, tukaifunga upya. Mauntingi tulizikagua, zilikuwa nzima. Tukarudia upepo na sabuni: kimya.

Hapo ndipo tukaigusa sensa.

Kuitoa ya zamani ndiyo kazi yenyewe hasa. Huku barabara zinamwagiwa chumvi tangu Novemba, na chochote kilicho chini ya gari kinashikana na jirani yake kama ndugu. Sensa nyingi zinafunguliwa kwa spana ya milimita 22. Inauzwa soketi maalumu yenye mkato ubavuni ili waya upite, lakini mkato huo unaifanya ifunguke kidogo ukilazimisha, na pembe za sensa zinaliwa. Kwa kuwa sensa yetu ilikuwa inakwenda jalalani, tulikata waya wake na kutumia soketi nzima ya pembe sita yenye mpini mrefu. Usiku uliotangulia tulimwagia mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi tukawasha injini dakika chache ili bomba lipate uvuguvugu, si moto wa kuunguza, tukazima. Ikilegea robo, irudishe kidogo, mwagia tena, endelea. Anayeivuta kwa hasira anatoka nayo pamoja na tredi za bomba. Tredi hizo ni milimita 18 kwa hatua ya 1.5. Zikichubuka unaweza kuzisafisha kwa tepu ya saizi hiyo. Zikifa kabisa, fundi wa kuchomelea anaweka kikombe kipya cha chuma.

Sensa mpya tulinunua ya NTK, ambayo wamiliki wa Jeep hizi wanaiapia, na tukachukua ile yenye konekta yake tayari. Ilikuwa dola 58. Zipo za bei nafuu zinazouzwa bila konekta, unaunganisha nyaya mwenyewe. Hatuzipendi, na sababu yake ilitushangaza hata sisi. Tumesema upande mmoja wa kauri unahitaji hewa ya nje. Katika sensa nyingi za kisasa mwili umezibwa ili maji yasiingie, na hewa hiyo inafika kwa kupitia ndani ya waya wenyewe, katikati ya nyuzi za shaba. Sensa inapumua kwa waya. Ukiunganisha kwa risasi ya kuchomea, au ukijaza grisi kwenye konekta, unaweza kuziba pumzi hiyo. Kama ni lazima kuunganisha, tumia viunganishi vya kubana.

Tredi za sensa mpya kwa kawaida huja zimepakwa dawa ya kuzuia kushikana. Usiongeze, na isiguse pua. Gundi ya silikoni ya kawaida isitumike popote kwenye njia ya hewa au moshi, maana mvuke wake unaipaka kauri na kuipofusha. Kama ni lazima, ipo iliyoandikwa kuwa salama kwa sensa. Maji ya rejeta yakivuja ndani ya injini yanaua sensa vilevile, na risasi iliyokuwa kwenye petroli ya zamani iliziua kwa wingi. Nchi nyingi za Afrika ziliacha petroli yenye risasi kufikia 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari mwaka 2021. Ikianguka sakafuni, sensa usiifunge kwa matumaini, kauri yake inavunjika kama kikombe cha chai. Tuliizungusha kwa mkono mpaka mwisho, kisha tukaikaza kwa kiasi cha niutoni-mita 40.

Waya tuliuvalisha mfuniko wa kuhimili joto, tukaupitisha nyuma, mbali na heda, na kuufunga kwa klipu za chuma. Vibano vya plastiki vinayeyuka.

Wenye magari mengine wametuuliza kuhusu heda zenye tundu lake lenyewe la sensa. Tundu liwe baada ya mabomba yote ya upande huo kukutana, la sivyo sensa inasikiliza silinda moja na kuzitungia nyingine uongo. Lisiwe mbali sana chini, sensa inachelewa kupata moto. Na sensa isilale wala kuangalia juu. Iinamishe pua chini, angalau nyuzi kumi juu ya mlalo, ili maji yanayoganda bombani asubuhi yasimwagikie kauri yenye moto. Heda ndefu za injini za V nane zinasogeza sensa nyuma kiasi kwamba waya haufiki, ndipo watu wanaponunua nyaya za kurefusha. Hapo pana mtego mbaya: konekta za kulia na kushoto zinafanana. Zikibadilishana, kompyuta inasikia upande wa kulia una petroli chache, inaongeza, lakini anayeripoti ni wa kushoto, ambaye hajaona mabadiliko. Inaongeza tena. Upande mmoja unalewa, mwingine unakufa njaa. Ukiona marekebisho yamekimbia, moja juu kabisa na jingine chini kabisa, fuata nyaya kwa kidole kabla ya kununua chochote.

Kulikuwa pia na ushauri wa bure. Jamaa mmoja kwenye maegesho alimwambia mama ayatoe masega ayauze, kwa kuwa yana platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni kweli yanazo, ndiyo maana wezi wanayakata usiku. Lakini sheria ya shirikisho ya hewa safi inakataza kuyaondoa, sensa ya pili ingemshitaki siku hiyohiyo, na sisi tunaoishi kwenye bonde la mito mitatu tunaipumua hewa hii. Kuna na vidude vya kuidanganya sensa ya pili. Safu hii haitavielezea. Kwa upande wa heda, kwenye Jeep hii masega yako mbali chini ya sakafu na heda haiyagusi. Wanaonunua heda watafute yenye namba ya kibali cha California, inayoanza na herufi D. Hata usipoishi California, namba hiyo inaonyesha kwamba kuna aliyeipima.

Tulipomaliza tulifuta namba za hitilafu, na hapo watu wengi wanakimbilia kwa mkaguzi. Haifai. Ukifuta namba, au ukifungua betri, kompyuta inasahau pia majaribio yake ya ndani: la sensa, la hita, la masega, la mvuke wa petroli. Mashine ya mkaguzi inaona kwamba hayajakamilika na kukurudisha nyumbani. Gari la 1996 hadi 2000 linaruhusiwa majaribio mawili ambayo hayajakamilika, la 2001 na kuendelea moja tu. Kinachoyakamilisha ni kuendesha: kuwasha gari likiwa baridi kabisa, mwendo wa mji wenye kusimama na kuondoka, kisha barabara kuu kwa mwendo usiobadilika dakika kumi na tano hivi, na tangi liwe kati ya robo na robo tatu, maana jaribio la mvuke halifanyiki tangi likijaa au likikauka.

Bahati nzuri njia ya mama kwenda kazini ina vyote hivyo. Alilala kutwa gari likiwa baridi uani, akaondoka saa nne na nusu usiku, akarudi alfajiri, kwa siku nne. Mwanawe alikuwa anasoma kisomeo kabla hajavua viatu. Siku ya nne lilibaki jaribio moja tu, la mvuke, na marekebisho ya muda mrefu yalikuwa asilimia 3. Mlio wa asubuhi haukuwepo. Tarehe 26 mkaguzi alichomeka mashine yake, akasubiri, akachapisha karatasi. Stika mpya ikabandikwa. Jumla ya vifaa, sensa, gasketi, klipu na mfuniko wa waya, dola 112. Chakula mama alikataa tusikihesabu: pilau, kachumbari, na chupa mbili za chai.

Kazi moja imebaki. Bolti za manifoldi zikipashwa moto na kupozwa mara kadhaa hulegea kidogo, hasa gasketi ikiwa mpya, kwa hiyo zinataka kukazwa tena baada ya maili mia chache. Tutafanya hivyo Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, uani kwa mama, injini ikiwa baridi. Tunahitaji mtu wa pili mwenye mkono mwembamba. Tochi ina mwenyewe.